[Wazazi] Mapacha, kazi mbili, na nani wa kumshika mtoto

Kutoka: Baba Kulwa
Jumanne, Februari 10, 2026, saa 9:41 usiku

Habari zenu ndugu na dada. Mimi huwa nasoma tu humu bila kuandika, leo nimeona niulize.

Tuko Brooklyn Park, Minnesota. Tuna binti wa miaka minne na mapacha waliozaliwa Oktoba. Mke wangu alikuwa anatunza wazee. Mimba ilipofika miezi saba mgongo ulikataa, akaacha, na hajarudi. Mimi nina kazi mbili, ghalani mchana na kwenye nyumba ya malezi usiku, mara nne kwa wiki. Nimepiga hesabu ya yeye kurudi kazini nikaona kituo cha kulelea watoto kitameza mshahara wake wote, na bado tutabaki na deni.

Nina maswali matatu. La kwanza, kuna anayejua mahali pa kuwaweka wachanga wawili bila kuuza figo? La pili, jamaa aliyenijazia fomu za kodi ya mapato mwaka jana ananipigia simu kila siku, anasema nikienda kwake naondoka na hela mkononi siku hiyohiyo. Nirudi? La tatu, mke wangu amekuwa analia. Ukimuuliza anasema hakuna kitu. Nimefikiria kumpeleka nyumbani kwa mama yake na watoto wote, miezi sita hivi, apumzike. Aliyewahi kufanya hivyo anipe uzoefu.

Samahani kwa maneno mengi.

---

Kutoka: Nesi wa Zamu
Jumanne, saa 2:20 asubuhi
Jibu kwa: Baba Kulwa

> saa 9:41 usiku

Shemeji, pole sana, na hongera kwa mapacha. Umeuliza maswali matatu mimi naanza na la nne, ambalo hukuuliza: wewe unalala kwa saa ngapi kwa siku? Ghala mchana, malezi usiku, na saa kumi kasoro uko kwenye simu unaandika barua pepe. Nakuomba ujibu hilo kabla ya mengine.

Sasa la mama. Mama aliyejifungua akilia kwa siku kumi za mwanzo, hiyo ni kawaida, homoni zinashuka. Miezi minne baadaye siyo hiyo tena. Hapa Marekani takriban mama mmoja kati ya wanane hupata dalili za sonona baada ya kujifungua, na mwenye mapacha yuko karibu zaidi na shimo hilo kwa sababu usingizi wake umegawanywa mara mbili. Sonona ni ugonjwa kama kisukari, una tiba, na kuna dawa anazoweza kutumia huku ananyonyesha. Ukimpeleka nyumbani sasa, atafika na ugonjwa uleule, mbali na daktari wake, mbali na wewe, na kila jirani anakuja kumwambia jinsi alivyobarikiwa.

Kuna simu ya kitaifa kwa ajili ya mama wajawazito na waliojifungua, 1-833-852-6262. Ilifunguliwa Mei 2022, ni bure, inapokelewa saa 24, na ukisema Kiswahili wanakuwekea mkalimani. Baba pia anaruhusiwa kupiga. Ikiwa amesema lolote kuhusu kujidhuru au kuwadhuru watoto, usiandike huku, piga 988, simu ya wanaofikiria kujidhuru, sasa hivi.

Na hapo Minneapolis kuna Redleaf Center for Family Healing, chini ya Hennepin Healthcare. Wana programu ambayo mama anakwenda mchana na mtoto wake mchanga, anatibiwa, jioni anarudi kulala kwake. Watu wetu wanaogopa wakisikia "hospitali" wanadhani atafungiwa na watoto wachukuliwe. Siyo hivyo.

Nitarudi kwa swali la kituo nikitoka zamu.

---

Kutoka: Msafiri
Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Baba Kulwa pole. Ila mimi nina neno. Nimekaa nchi hii miaka 19, nimelea wanne, sijawahi kugusa fomu ya msaada hata moja. Tulifanya dabo shifti, mke wangu usiku mimi mchana, tukapishana mlangoni tunakabidhiana mtoto kama kijiti cha mbio. Watoto wamekua. Ukianza na hizi programu hutoki, na siku ya makaratasi ya uhamiaji watakufungulia faili. Jamii ichange, tumsaidie ndugu yetu, yaishe. Mimi naweka dola 100.

---

Kutoka: Mama Tatu
Jumanne, saa 4:48 asubuhi
Jibu kwa: Msafiri

> sijawahi kugusa fomu ya msaada hata moja

Kaka yangu, tangu mwaka wa shule wa 2023 watoto wote wa shule za umma Minnesota wanakula asubuhi na mchana bila kulipa. Mdogo wako yuko darasa la kumi. Hujarudisha sahani.

Nakutania, lakini siyo sana. Hizo pesa ni kodi yako ya miaka 19. Hakuna anayekupa sadaka.

Kuhusu uhamiaji, una hoja, na sitaki tumdanganye mtu. Wakimbizi na waliopewa hifadhi hawapimwi kwa kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali wanapoomba green card (ukazi wa kudumu), na anayeomba uraia hapimwi kwa kigezo hicho pia. Kwa wengine, kanuni iliyoanza 2022 ilitazama zaidi fedha taslimu za msaada wa kila mwezi na kutunzwa kwa muda mrefu kwenye taasisi kwa gharama ya serikali. WIC (chakula cha mama na watoto wadogo), msaada wa chakula na bima ya afya ya kawaida havikuhesabiwa. Novemba 2025 serikali ikapendekeza kuifuta kanuni hiyo. Halafu sheria ya Julai 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye msaada wa chakula wa SNAP mpaka wapate green card, jambo lililowakuta ndugu zetu wengi kutoka Kongo wakiwa foleni dukani na kadi haisomi. Kwa hiyo kila mtu na makaratasi yake: aongee na mwanasheria wa uhamiaji wa msaada wa bure kabla hajasaini kitu kwa jina lake mwenyewe. Asisikilize mimi, asisikilize wewe, asisikilize mtu wa kanisani.

Baba Kulwa, sasa nakwambia langu. Nilipojifungua wa tatu, kwenye kliniki ya mtoto ya miezi miwili nilipewa karatasi yenye maswali kumi. Wanaiita kipimo cha Edinburgh, kimetumika tangu 1987, na hutolewa kliniki ya mtoto kwa sababu huko ndiko mama hakosi. Kingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, akawa wifi yangu ananisomea. Namba moja: je, katika siku saba zilizopita umeweza kucheka na kuona vitu vya kuchekesha? Wifi akacheka yeye, akaweka tiki. Akaendelea hivyohivyo. Namba kumi inauliza kama umepata wazo la kujidhuru. Hakunisomea. Alijaza mwenyewe na kurudisha karatasi.

Miezi minne nilikwenda peke yangu. Daktari akaweka simu mezani, mkalimani ni sauti ya mwanamume wa mbali, lafudhi ya pwani. Akasoma moja baada ya nyingine bila haraka. Alipofika namba kumi nilinyamaza, nikanyamaza, mpaka akauliza kama laini imekatika.

Kliniki inayopokea pesa za serikali ya shirikisho inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Usikubali ndugu, usikubali mtoto wako wa shule. Shemeji yangu akienda kliniki na mapacha safari ijayo, mwambie aombe mkalimani wa simu, na wewe utoke nje ya chumba. Ndiyo, hata wewe.

---

Kutoka: Mzee wa Kodi
Jumanne, saa 12:30 jioni
Jibu kwa: Baba Kulwa

> naondoka na hela mkononi siku hiyohiyo

Kijana, usirudi. Hiyo hela ya siku hiyohiyo ni mkopo juu ya fedha yako mwenyewe, na ada ya kujaziwa inakatwa humohumo. Mimi binafsi, kabla sijajifunza hii kazi, nilikatwa zaidi ya dola 600 na mtu aliyekaa kwenye ofisi nzuri yenye bendera nje. Jina sitaji, na hayupo tena.

Kuna programu ya kujaziwa kodi bure iitwayo VITA, ya mamlaka ya kodi, IRS. Wanaojaza ni watu wa kujitolea waliofanya mtihani, mimi mmojawapo, na hatulipishi senti. Hapa kwetu kubwa ni Prepare + Prosper ya St. Paul, wapo tangu 1971. Weka miadi leo, maana Februari hujaa.

Sasa sikiliza hesabu. Mapacha walizaliwa Oktoba 2025, lakini kwa kodi wanahesabiwa mwaka mzima. Hata aliyezaliwa usiku wa Desemba 31 huhesabiwa mwaka mzima. Kwa kodi ya 2025 una:

nafuu ya kodi ya mtoto ya shirikisho, hadi dola 2,200 kwa kila mmoja, na hata ukiwa hudaiwi kodi sehemu yake, hadi dola 1,700 kwa kila mmoja, inaweza kurudi kwako taslimu;

nafuu ya kodi ya mtoto ya Minnesota, hadi dola 1,750 kwa kila mtoto, haina kikomo cha idadi ya watoto, ilianza 2023, na wanaojaza kwa namba ya ITIN (ya wasio na namba ya hifadhi ya jamii, Social Security) wanaipata pia;

EITC, ile ya wenye kipato cha kazi, ambayo kwa mwenye watoto watatu inafika dola 8,046. Hii inataka ninyi wawili na watoto wote muwe na namba za Social Security zinazoruhusu kazi, na kwa wanandoa wanaojaza pamoja inaishia kwenye kipato cha dola 68,675.

Zote hupungua kadiri kipato kinavyopanda, kwa hiyo usikimbilie kuzijumlisha na kununua gari. Lete hati zako za W-2 (mapato ya mwaka kutoka kwa mwajiri) za kazi zote mbili tuone. Na uvumilie: sheria ya 2015 inaizuia IRS kutoa fedha yenye EITC kabla ya katikati ya Februari, mjazaji awe nani. Huyo anayekwambia "leo" anajua hivyo.

Kwa wengine mnaosoma: ambaye hakujaza kodi ya 2022 na alistahili kurudishiwa, mwisho wa kudai ni Aprili 15 mwaka huu. Ukipita hapo fedha inabaki serikalini.

Msafiri, wazo la mchango ni zuri, naunga mkono. Ila tusimwingize kijana kwenye upatu. Upatu ni deni lenye majirani. Kule San Francisco kuna shirika la Mission Asset Fund lililochukua upatu wa wahamiaji na kuuweka kwenye mikataba isiyo na riba, na kila anachotoa mtu kinaripotiwa kwenye historia yake ya mikopo. Mwaka 2014 jimbo la California likautambua kisheria. Hilo ningelipenda tulijadili humu siku moja. Huu wetu wa bahasha ukikwama hakuna anayekuandikia alama njema popote, wanakuandikia tu mdomoni.

---

Kutoka: Nesi wa Zamu
Jumatano, Februari 11, saa 1:10 asubuhi

Nimetoka. Haraka haraka, kabla sijalala.

WIC. Mama anayenyonyesha mpaka mtoto atimize mwaka, na watoto mpaka siku ya kutimiza miaka mitano. Kwa hiyo ninyi mko wanne mnaostahili kwenye nyumba moja: mama, mapacha, na dada yao. Kikomo cha kipato kwa familia ya watu watano ni karibu dola 69,600 kwa mwaka, na mwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anapita bila kupimwa kipato tena. Wengi wanadhani WIC ni maziwa ya kopo tu. Kuna maharage, mayai, matunda, mboga, na mshauri wa kunyonyesha, ambaye kwa mapacha ni dhahabu.

Binti wa miaka minne: Head Start, shule ya awali ya serikali kwa familia zenye kipato kidogo, bure. Mapacha: Early Head Start, bure pia, huanzia ujauzito hadi miaka mitatu. Kikomo ni mstari wa umaskini wa shirikisho, kwa watu watano ni kama dola 38,000, lakini familia inayopata SNAP inahesabika kuwa imestahili. Mkiwa juu kidogo jaza hivyohivyo, kuna nafasi chache za waliozidi. Kitu ninachokipenda Head Start, na ambacho hawakisemi mlangoni, ni kwamba wazazi ndio wengi kwenye baraza linaloidhinisha bajeti na ajira. Rafiki yangu aliingia akiwa hawezi kuinua macho, mwaka wa pili alikuwa anamuuliza mkurugenzi maswali ya mafuta ya basi.

Msaada wa kulipia malezi, CCAP, unaombwa kaunti. Kwa baadhi ya familia kuna orodha ya kusubiri, kwa hiyo omba leo hata kama mama harudi kazini mpaka kiangazi.

Na nesi wa nyumbani. Idara ya afya ya kaunti hutuma muuguzi nyumbani kwa familia zenye wachanga, bila malipo. Anapima mtoto uzito mezani kwako, anamwangalia mama, anakaa. Watu wetu wanafunga pazia wakimwona. Mfungulieni. Siyo polisi wa watoto.

Jambo la mwisho. Siku ambayo mmoja wenu anahisi atamtupa mtoto kitandani, mweke mtoto kitandani taratibu chali, funga mlango, toka nje, piga simu. Kuna Greater Minneapolis Crisis Nursery, Golden Valley, tangu 1983. Wanapokea kwa muda mfupi watoto wadogo wa mzazi aliyefika mwisho, bure. Kupiga simu huko si kujishtaki.

Baba Kulwa, bado hujajibu swali langu.

---

Kutoka: Bibi wa Wajukuu Sita
Jumatano, saa 5:00 asubuhi

Watoto wangu hamjambo. Mmesema mengi ya fomu. Mimi nataka kusema ya kikombe cha chai.

Nilipokuja kumsaidia binti yangu, mwalimu mmoja alitualika kwenye darasa la ECFE, lile la wilaya ya shule kwa wazazi na watoto ambao hawajaanza chekechea. Minnesota wanalo tangu miaka ya 1970. Mimi nikasema, mzazi anafundishwa kulea? Mimi niliyelea saba? Nikaenda ili nikacheke.

Saa ya kwanza mnakaa chini na watoto, rangi, mchanga, nyimbo. Halafu kengele. Watoto wanabaki na walimu wao, wakubwa mnapelekwa chumba cha pili, mlango unafungwa. Kuna meza ya duara, chai, na mwalimu wa wazazi. Binti yangu aliweka kikombe mdomoni na kukishusha, akakiweka tena. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Mama, ni ya moto." Alikuwa hajanywa chai ya moto tangu ajifungue. Siku hiyo hakusema kingine chochote mezani, na hakuna aliyemlazimisha. Wiki ya tatu ndipo aliposema.

Ada hufuata kipato, na asiye na kitu hawamrudishi. Wilaya nyingi zina mtu wa kuwaangalia ndugu wengine mkiwa darasani. Na akina baba wanaingia. Mwaka ule alikuwepo mmoja tu, dereva wa lori, tulimpenda sote.

Msafiri mwanangu, ile ya kupishana mlangoni naikumbuka, tulikuwa jirani. Nakumbuka pia mkeo alivyokonda. Usinijibu humu.

---

Kutoka: Baba Kulwa
Jumatano, saa 4:15 usiku

Shikamoo Bibi. Shikamoo Mzee. Nimesoma yote, mara mbili.

Nesi, swali lako. Nalala kwa saa tatu tu, siku nzuri saa nne. Nyingine nalala kwenye gari. Jana nimetoka kazini nikaegesha nje ya nyumba, nikazima injini, nikakaa dakika arobaini na baridi ile. Niliona taa ya chumbani, nikajua mke wangu yuko macho na mmoja wao. Sikuteremka. Siyo kwamba sikuwa na nguvu. Sikutaka kusikia sauti ya mtoto. Nilipoingia nikamwambia barabara ilikuwa na barafu.

Leo mchana tumepiga ile simu pamoja. Walileta mkalimani, dada mmoja. Mimi nikatoka nje kama Mama Tatu alivyosema. Waliongea nusu saa. Amepewa miadi Ijumaa na daktari wake wa uzazi.

Kuhusu kwenda nyumbani, nimemuuliza kama anataka. Kumbe hajawahi kutaka. Alidhani mimi ndiye ninataka aondoke.

Msafiri, asante kwa moyo wako. Sijui nikusaidie vipi kuelewa, lakini hata mimi niliona aibu kuandika.

---

Kutoka: Mama wa Mishahara
Alhamisi, Februari 12, saa 3:30 asubuhi
Jibu kwa: Baba Kulwa

Nimekuwa nafuatilia nikingoja mtu aseme hili, hakuna aliyesema. Mimi nafanya kazi ya mishahara ya wafanyakazi.

Chukua hati yako ya mshahara ya Januari, ya kazi yoyote. Kuna mstari mpya wa makato, mdogo, kama dola 4.40 kwa kila dola 1,000. Umeuona?

Hiyo ni Minnesota Paid Leave, iliyoanza Januari 1 mwaka huu. Mchango wote ni asilimia 0.88 ya mshahara, mwajiri anapaswa kulipa angalau nusu. Na wewe, baba wa watoto waliozaliwa Oktoba 2025, unastahili kuomba. Mzazi, mama au baba, anapata hadi wiki 12 za kukaa na mtoto mchanga, mradi azimalize kabla mtoto hajafikisha mwaka. Waliozaliwa 2025 wamo. Una mpaka Oktoba.

Unalipwa na jimbo, si na mwajiri. Wenye mshahara mdogo wanapata hadi asilimia 90 ya walichokuwa wanapata, kisha inashuka kwa wenye mshahara mkubwa, na kuna kikomo cha juu. Mishahara ya kazi zako zote mbili inaangaliwa. Kigezo cha mapato ni kidogo, takriban dola 3,900 kwa mwaka, wewe umekipita zamani. Si lazima uchukue zote kwa mkupuo. Na ukiwa umefanya kazi hapo siku 90, kazi yako inalindwa mpaka urudi.

Mwajiri unamjulisha siku 30 kabla ikiwa ni jambo unalolipanga, kwa hiyo andika barua pepe kwa waajiri wote wawili leo, mistari miwili tu, uweke nakala. Halafu unaomba kwenye tovuti ya jimbo kwa cheti cha kuzaliwa. Msimamizi akinung'unika, mwache. Kukuadhibu kwa kuomba ni kosa kisheria.

Zaidi ya hiyo, tangu 2024 kila saa 30 unazofanya kazi Minnesota unajilimbikizia saa moja ya ruhusa ya ugonjwa yenye malipo, hadi saa 48 kwa mwaka. Ijumaa ya miadi ya mkeo inaingia humo. Kumpeleka daktari ni sababu halali, usidanganye kuwa tumbo linakuuma.

---

Kutoka: Baba Kulwa
Alhamisi, saa 6:50 mchana

Mstari nimeuona. Januari nilimuuliza msimamizi akasema "kodi, kila mtu anakatwa". Nikaacha.

Wiki kumi na mbili. Nimemsomea mke wangu kwa sauti. Amesema nisome tena.

---

Kutoka: Nesi wa Zamu
Alhamisi, saa 7:05 mchana

Shemeji, Ijumaa wakimpa mama yale maswali kumi, na wewe omba karatasi. Hutumika kwa akina baba pia, na ile ya kwenye gari uitaje vilevile ulivyotuandikia, usiifupishe. Karibu baba mmoja kati ya kumi hupitia hapo mtoto anapozaliwa, na wengi husema ni uchovu.

---

Kutoka: Msafiri
Alhamisi, saa 2:40 usiku

Dola 100 zangu zipo palepale, nimempa Mzee. Na Jumamosi niko bure kuanzia asubuhi. Naweza kumshika mmoja. Wawili kwa pamoja sijawahi.

---

Kutoka: Bibi wa Wajukuu Sita
Alhamisi, saa 3:15 usiku

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi Mzee anampitia Baba Kulwa kwenda kwenye kodi. Beba W-2 mbili, vitambulisho vyenu, kadi za Social Security za wote watano, na namba ya akaunti ya benki ili fedha iingie moja kwa moja. Mkeo lazima asaini, kama hatakwenda muulize Mzee fomu gani inahitajika. Jumanne WIC: hati za mshahara za siku 30, barua yenye anwani yenu, na watoto wenyewe, maana huwapima.

Mimi na Msafiri tutakuwa kwenu kuanzia saa tatu. Mama Kulwa asipike, asifagie, asituamkie. Mwonyesheni Msafiri chupa zilipo, kisha mama aingie chumbani afunge mlango.